Shilingi 2,400 za Kila Mwezi: Nafuu ya Ushuru na Wasiofikiwa Nayo

Hapa Ruring'u, mjini Nyeri, mtu akisema kodi imefika, hakuna anayefikiria serikali. Anafikiria mwenye ploti, tarehe tano ya mwezi, na mlango unaoweza kutiwa kufuli. Kwa hiyo hapa nitaliacha neno kodi libaki la nyumba, na kile kinachochukuliwa na serikali nitakiita ushuru, kama kinavyoitwa madukani na redioni huku kwetu.

Zamani maneno hayo mawili hayakuwa mbalimbali hivyo. Ushuru ambao serikali ya kikoloni ilianza kuutoza mwaka 1901 ulikuwa kodi ya nyumba hasa: kibanda kinahesabiwa, mwenyewe anadaiwa. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa. Wazee wa Nyeri bado huuita ushuru igooti, na ukiwasikiliza wakilitamka neno hilo utajua halikuwa jina la mchango. Ubaya wake mkubwa ni kwamba haukuuliza mtu ana nini. Mwenye ng'ombe arobaini na asiye na hata mbuzi walidaiwa sawa kwa kila kibanda, na asiye na pesa alilazimika kwenda kuitafuta kwenye shamba la mzungu. Wapiganaji wa Mau Mau waliotoka msituni Desemba 1963 na kukabidhi silaha zao katika uwanja wa Ruring'u walikuwa wamelelewa ndani ya nyumba zilizohesabiwa namna hiyo.

Nafuu ya ushuru ni mojawapo ya njia ambazo serikali za baadaye zilitumia kuuliza swali lile ambalo kodi ya kibanda haikuliuliza: wewe una nini, unalea nani, umetumia pesa yako kwa jambo gani? Majibu yake yamefichwa ndani ya hesabu, na kwa sababu yamefichwa humo, wengi wetu hatuyafuatilii. Nataka tuyafuatilie, maana naamini kwamba namna nafuu inavyotolewa ndiyo inayoamua nani ataipata, kuliko hata ukubwa wake.

Tuseme una deni la shilingi 1,000 dukani. Mwenye duka akifungua daftari na kusema, "Nakufutia mia tatu," unabaki na deni la 700. Hiyo ndiyo nafuu ya ushuru: inakatwa kwenye deni lenyewe, hesabu ikishakamilika. Mia tatu ya tajiri na mia tatu ya maskini ni mia tatu ileile. Sasa tuseme hafuti kitu kwenye deni, bali anakubali kilo mbili za sukari zisihesabiwe. Utakachookoa kinategemea bei ya sukari uliyokuwa ukiuziwa. Hilo ni punguzo la mapato: sehemu ya pesa yako inatolewa kabla ya ushuru kukokotolewa, na faida yake inategemea kiwango unachotozwa. Anayetozwa asilimia 35 anaokoa shilingi 35 kwa kila mia iliyotolewa. Anayetozwa 25 anaokoa 25. Asiyetozwa kitu haokoi kitu. Njia ya tatu ni msamaha, ambapo pato fulani halihesabiwi kabisa. Wanasiasa huyaita yote matatu "afueni kwa mwananchi", lakini mfukoni mwa mwananchi ni vitu vitatu tofauti.

Nchini Kenya nafuu tunayoijua wengi, hata kama hatuijui kwa jina, ni nafuu binafsi. Shilingi 24,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hutozwa asilimia 10, yaani 2,400. Kisha sheria inampa kila mkaazi nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, au 28,800 kwa mwaka. Namba hizo mbili zinakutana na deni linakuwa sufuri. Hazikukutana kwa bahati. Zilipangwa hivyo Aprili 2020, Covid ilipofunga miji na serikali ikataka mwenye mshahara mdogo abaki na chote. Kabla ya hapo nafuu ilikuwa 1,408 kwa mwezi. Januari 2021 viwango vya juu vilirudishwa vilipokuwa, lakini nafuu ikaachwa mahali pake, na hapo imekaa miaka yote hii ambayo bei ya unga, ya nauli na ya mafuta haikukaa. Juu ya 24,000, shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, halafu 30 hadi mshahara ufike 500,000, na tangu Julai 2023 kuna 32.5 hadi 800,000, na 35 juu ya hapo.

Majirani zetu walichagua njia nyingine. Tanzania mshahara usiozidi shilingi 270,000 za huko hautozwi. Uganda mstari uko kwenye 235,000 za kwao. Mtu anaweza kusema ni kitu kimoja, na kwa anayelipa ushuru kweli ni kimoja. Lakini nafuu ina mlango ambao mstari hauna. Ukishauvuka mstari umeuvuka. Chini yake hakuna cha kukupa. Nafuu ni kiasi cha pesa kilichoandikwa kwa jina lako, na serikali ikitaka inaweza kusema: kama deni lako la ushuru ni dogo kuliko nafuu yako, kinachobaki tutakupa mkononi. Kenya ina mlango huo, ila umefungwa. Mlinzi wa usiku anayelipwa shilingi 15,000, tukiacha makato mengine kando, hesabu yake ya ushuru ni 1,500. Nafuu yake ni 2,400. Zile 900 za ziada zinapotea. Hazilipwi, na hazimpunguzii deni jingine lolote. Mkurugenzi wa mshahara wa milioni moja naye ana nafuu ya 2,400, na yeye anaitumia yote, mpaka shilingi ya mwisho.

Sheria yenyewe ya ushuru wa mapato ni ya mwaka 1973 na ilianza kutumika Januari 1974, nchi za Afrika Mashariki zilipoacha kuutoza ushuru huo kwa pamoja. Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya, mwendo mfupi kutoka hapa. Katika sheria ile kulikuwa na nafuu ya mseja na nafuu ya familia, na mapato ya mke yalihesabiwa kuwa ya mume. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba kila nafuu hubeba picha ya mtu ambaye serikali ilimfikiria ilipoiandika. Wakati ule alikuwa baba mwenye ajira na mke chini ya jina lake. Baadaye nafuu hizo zikaunganishwa kuwa moja ya kila mtu. Picha ya leo ni ya mtu mwenye karatasi ya mshahara, na nitarudi kwenye picha hiyo.

Kwanza, Desemba 2024.

Kila mtu anakumbuka Juni ya mwaka huo. Mswada wa Fedha ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16 na magari yatozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Vijana wakajaa barabarani, hata Nyeri mjini na Nanyuki. Tarehe 25 Bunge likavamiwa na damu ikamwagika. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Watu wachache zaidi wanakumbuka Desemba, pale Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Ushuru ilipopitishwa na kuanza kutumika tarehe 27, katikati ya Krismasi na Mwaka Mpya, wakati nusu ya nchi iko ushago.

Ndani yake kulikuwa na badiliko moja ambalo kwa maoni yangu lilistahili mjadala wa wiki nzima. Hapo awali mchango wa NHIF, bima ya afya ya taifa ya wakati huo, ulikuwa na nafuu ya asilimia 15, na tozo ya nyumba za bei nafuu inayokatwa kwenye mshahara nayo ilikuwa na nafuu ya asilimia 15. Ukitoa shilingi 100, deni lako la ushuru linapungua kwa 15, uwe karani au meneja. Sheria mpya iliiondoa nafuu hiyo ya nyumba, na mchango wa SHIF, bima iliyochukua nafasi ya NHIF, na tozo ya nyumba vikageuzwa kuwa punguzo la mapato. Kutoka kufutiwa deni, tukaenda kwenye sukari isiyohesabiwa.

Fanya hesabu mwenyewe. SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara, tozo ya nyumba ni 1.5, jumla 4.25. Mwalimu wa shule ya kibinafsi anayelipwa 30,000 anatoa 1,275. Kwa nafuu ya asilimia 15 angerudishiwa kama 191. Kwa punguzo, yeye akiwa kwenye asilimia 25, anaokoa kama 319. Amefaidika, na ni haki kusema hivyo. Afisa wa 50,000 anatoa 2,125. Badala ya 319 anaokoa 637. Naye amefaidika. Mwenye milioni moja anatoa 42,500. Badala ya 6,375 anaokoa 14,875. Na yule mlinzi wa 15,000 anatoa 637 na nusu kila mwezi, anaokoa sufuri. Sufuri kabla, sufuri baada.

Waliolitetea badiliko hilo walikuwa na hoja. Michango hii haina kikomo, kwa hiyo mwenye mshahara mkubwa anakatwa pesa nyingi, na si vizuri kumtoza mtu ushuru juu ya pesa ambayo tayari imechukuliwa na serikali ileile. Naikubali hoja hiyo. Lakini ikiwa kumtoza mtu juu ya pesa iliyokwisha kuchukuliwa ni kosa, basi mlinzi anayekatwa 637 huku shilingi 900 za nafuu yake zikipotea amekosewa zaidi ya wote, na sheria haikumtazama. Nafuu yake isiyotumika inatosha kulipa SHIF yake yote na tozo yake ya nyumba, na ikabaki chenji. Ingehitaji kifungu kimoja tu: nafuu binafsi isiyomalizwa na ushuru itumike kulipia michango ya lazima. Mwajiri ndiye anayekata yote hayo, kwa hiyo hakuna ofisi mpya ya kufungua.

Afrika Kusini walitembea njia ileile kwa kuelekea upande wa pili. Kwa miaka mingi mchango wa bima ya matibabu huko ulikuwa punguzo la mapato, na matajiri ndio waliopata zaidi. Mwaka 2012 serikali ikaugeuza kuwa nafuu ya kiasi kisichotegemea mshahara kwa mwanachama na wanaomtegemea, ikisema wazi kwamba inataka usawa. Sisi tulikuwa tayari mahali ambapo wao walikuwa wakienda, tukaondoka.

Zipo nafuu nyingine kwenye karatasi ya mshahara. Bima ya maisha, ya elimu ya mtoto au ya matibabu hupata asilimia 15 ya malipo, isizidi 5,000 kwa mwezi. Ili uifikie 60,000 ya mwaka lazima uwe umelipia bima ya shilingi 400,000, na hapo nadhani tumeshawaacha nyuma watu wa Ruring'u karibu wote. Riba ya mkopo wa nyumba hupunguzwa kwenye mapato hadi 30,000 kwa mwezi, na akiba ya pensheni vivyo hivyo. Mtu mwenye ulemavu aliye na cheti cha KRA, mamlaka ya mapato, husamehewa ushuru kwa shilingi 150,000 za kwanza za mwezi, jambo jema na la lazima, ingawa kwa mwenye ulemavu anayeshona viatu kando ya barabara thamani ya msamaha huo ni sawa na ya bima asiyoimudu. Sheria ya Fedha ya 2025 iliwalazimisha waajiri kuziingiza nafuu na punguzo zote anazostahili mfanyakazi wanapokokotoa PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara, badala ya kumwachia adai marejesho baadaye. Waliowahi kungoja marejesho hayo wanajua thamani ya sentensi hiyo.

Sasa ile picha ya mtu mwenye karatasi ya mshahara. Tembea kutoka Ruring'u hadi sokoni Nyeri mjini uhesabu walio nayo. Utawapata: walimu, wauguzi, askari, makarani wa kaunti, wafanyakazi wa benki na Sacco. Lakini utapita wengi zaidi wasio nayo: mama wa kibanda cha mboga, kijana wa bodaboda, fundi wa welding, mkulima wa kahawa aliyeshuka kutoka Mathira au wa majani chai kutoka Chinga. Hawa si kwamba hawalipi ushuru. Wanalipa kwenye mafuta, kwenye kadi ya simu, kwenye sabuni. Wasichonacho ni nafuu.

Chukua mama mwenye duka dogo linalouza bidhaa za 100,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 1.2, kwa hiyo ameingia kwenye ushuru wa mauzo, unaowahusu wenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25. Kiwango ni asilimia 3 tangu Julai 2023, na kinatozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Anadaiwa 3,000 kwa mwezi. Faida yake baada ya kununua mali, kulipa kodi ya chumba na stima huenda ni 15,000, sawa na mlinzi wetu. Mlinzi halipi ushuru wa mapato. Mama huyu analipa 3,000, na nafuu binafsi haimgusi kwa sababu ushuru wa mauzo hauna nafuu wala punguzo. Sheria inamruhusu kumwandikia Kamishna akaomba atozwe kwa faida kama biashara kubwa, na hapo atapata nafuu yake ya 28,800 kwa mwaka. Ila itabidi aweke vitabu vya hesabu, na tangu 2024 gharama zake ziwe na risiti za eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa KRA, pamoja na zile za jumla alizonunua alfajiri. Uchumi wa duka la kona haubebi mhasibu. Kwa hiyo wengi hawaombi, na wengine hujificha wasionekane kabisa.

Mwenye ploti wa vyumba vichache yuko karibu na hali hiyo. Kodi anayokusanya ikizidi 288,000 kwa mwaka anatozwa asilimia 7.5 ya yote, bila kuondoa gharama ya kupaka rangi wala kuzibua choo. Ukigawa 288,000 kwa miezi kumi na miwili unapata 24,000: namba ileile ya mshahara usiotozwa. Walioiandika waliujua mstari. Lakini akiuvuka kwa shilingi moja anatozwa kuanzia shilingi ya kwanza, ambapo mwenye mshahara hutozwa ile ya ziada tu.

Kuna nafuu moja ambayo inamfikia kila mtu, hata asiye na PIN ya KRA, nayo iko ndani ya VAT. VAT imejengwa yote juu ya wazo la nafuu: mwenye kiwanda anatoza asilimia 16 anapouza, kisha anakata ile aliyolipa aliponunua malighafi, na kupeleka tofauti. Bidhaa ikiwekwa kiwango cha sufuri, kama mkate wa kawaida na unga wa mahindi, muuzaji hatozi kitu na bado anarudishiwa VAT aliyolipa kwenye stima, vipuri na karatasi za kufungia. Bidhaa ikitangazwa kuwa imesamehewa, hatozi kitu lakini harudishiwi kitu. Kwa sikio la kawaida "sufuri" na "msamaha" ni jambo moja. Kwa mwoka mikate ni tofauti ya shilingi kadhaa kwa kila mkate, na shilingi hizo hazikai kiwandani. Zinashuka hadi kibandani kwetu. Ndiyo maana nasema kila Mswada wa Fedha usomwe kurasa za nyuma, kwenye majedwali, ambako bidhaa huhamishwa kutoka orodha moja kwenda nyingine bila hotuba.

Upande wa makampuni nitaupita kwa haraka, si kwa sababu pesa zake ni kidogo. Kwa muda mrefu Kenya ilimruhusu mwekezaji wa angalau shilingi milioni 200 nje ya Nairobi, Mombasa na Kisumu kuondoa asilimia 150 ya uwekezaji wake kwenye mapato, nusu zaidi ya alichotumia. Miji kama Nyeri, Karatina na Nanyuki ilikuwa ndani ya mpango huo. Aprili 2020 mpango huo ulipunguzwa sana. Maeneo ya viwanda vya kuuza nje hupewa miaka kumi bila ushuru wa mapato. Sipingi serikali kuwavuta watu kuleta viwanda huku kwetu Mlima Kenya. Nanyuki inakumbuka kiwanda cha nguo cha Mountex na kazi zilizokwenda nacho. Ninachopinga ni vipimo vinavyowapita watu wetu juu ya kichwa. Kulikuwa, kwa mfano, na nafuu kwa mwajiri anayechukua wahitimu kama wanagenzi kwa miezi sita hadi kumi na miwili. Nyeri ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi na chuo cha kitaifa cha ufundi. Wahitimu si shida. Sharti lilikuwa wanagenzi wasiopungua kumi. Gereji ya Ruring'u inayoweza kuchukua wawili haikuwa kwenye picha.

Swali linalobaki ni kwa nini serikali huzipenda nafuu kiasi hiki, na jibu naliona wazi kwenye familia moja ya kawaida. Bibi wa miaka 70 aliyesajiliwa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, anastahili shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hiyo lazima iwekwe kwenye bajeti, ipitishwe na Bunge, itolewe na Hazina ya Kitaifa, na mara nyingi huchelewa, ikaja ya miezi kadhaa pamoja huku bibi akiwa amekopa. Mwanawe mwenye mshahara mnono ana 2,400 kwa mwezi kutoka kwa serikali ileile. Haipitishwi kwenye bajeti ya mwaka, haichelewi, hakuna foleni. Inabaki tu kwenye akaunti yake kila mwisho wa mwezi, na yeye mwenyewe hahesabu kwamba amepewa. Wachumi huita pesa hii matumizi kupitia ushuru, kwa sababu shilingi ambayo serikali imeacha kuichukua haina tofauti na shilingi iliyotoa. Tangu 2021 Hazina huchapisha ripoti yake, na jumla ni mamia ya mabilioni kwa mwaka, sehemu kubwa zaidi ikiwa kwenye VAT. Katiba nayo, kifungu cha 210, inadai kila ushuru unaosamehewa uandikwe pamoja na sababu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aarifiwe, na inakataza afisa yeyote wa serikali kusamehewa kwa sababu ya cheo chake. Sheria ya kuangalia ipo. Waangaliaji ndio wachache.

Kwamba nafuu inaweza kumfikia maskini si ndoto. Ndugu zetu walio Marekani, wale wanaotunza wazee Massachusetts na Texas, hungoja marejesho ya ushuru kila mwaka kama mkulima anavyongoja bonasi ya chai. Huko, tangu 1975, mfanyakazi wa kipato cha chini hupewa nafuu ambayo ikizidi deni lake la ushuru hulipwa kwake. Mwaka 2021 Bunge lao lilifanya hivyo kwa watoto: dola 3,600 kwa mtoto wa chini ya miaka sita, 3,000 kwa mkubwa zaidi, hata kama mzazi hana ushuru wa kukatwa, na nusu yake ikatolewa mwezi kwa mwezi. Watoto waliokuwa chini ya mstari wa umaskini, kwa kipimo chao kinachohesabu misaada hiyo, walishuka kutoka asilimia 9.7 mwaka 2020 hadi 5.2. Sheria hiyo ikaachwa iishe, na mwaka 2022 wakapanda hadi 12.4. Sijui jaribio jingine la ushuru lililoonyesha jibu lake upesi namna hiyo, kwenda na kurudi.

Kenya haina pesa za Marekani, na hakuna anayeomba dola 3,600. Ninachoomba kinaweza kuanza na zile shilingi 900 za mlinzi. Halafu nafuu binafsi ipandishwe kulingana na bei, kila mwaka, kwa kifungu cha sheria, si kwa huruma ya waziri. Kiasi kilichofaa mwaka 2020 hakiwezi kuwa kinafaa leo. Halafu mwenye duka anayelipa ushuru wa mauzo apewe nafuu yake kama binadamu mwingine yeyote anayefanya kazi, ikatwe kwenye ile asilimia 3. Akidaiwa 3,000 na kukatiwa 2,400, atalipa 600, na nina hakika wengi waliojificha wangetoka kulipa 600. Yote hayo yanaweza kuandikwa kwenye maoni ya umma ambayo Kamati ya Fedha ya Bunge hukusanya kila Mei. Watu wa mlima hujitokeza kwa wingi barabarani. Kwenye vikao hivyo huwa tunawaachia wahasibu wa makampuni.

Ukifika mwisho wa Juni, saiba za Nyeri hujaa mpaka mlangoni. Wengi walio kwenye foleni ni vijana waliopata PIN ya KRA walipokuwa wakiomba mkopo wa chuo au kazi ambayo haikutokea. Hawana pato la kuripoti, kwa hiyo wanamlipa mhudumu ili awajazie sufuri kabla ya saa sita usiku ya tarehe 30. Asiyefika, kwa sababu hakuwa na nauli au hakujua, faini yake ni shilingi 2,000, pesa ya mwezi mzima ya bibi wa Inua Jamii. Mwaka huohuo sheria ilikuwa imemtengea nafuu ya shilingi 28,800, na hakuguswa na hata senti yake moja.